Kimbunga Ndani ya Bati: Kutenga Vumbi la Mbao Karakanani

Mtu aliyewahi kusubiri zamu yake kwenye mashine ya kusaga mahindi amekwisha kukiona chombo hiki: bati lililokunjwa kwa umbo la pia, ncha yake ikielekea chini kwenye mfuko wa unga. Upepo wa feni huuingiza unga sehemu ya juu, kwa ubavu. Unga huzunguka ukutani, kisha hushuka. Upepo wenyewe hutokea juu. Ndani hamna gurudumu lolote. Kinachozunguka ni hewa peke yake, na kwa sababu hiyo chombo huitwa kimbunga. Mwaka 1885 Mmarekani John M. Finch alipewa hataza ya kikusanya vumbi cha namna hii, na tangu wakati huo vimbunga vimeenea katika vinu vya nafaka, viwanda vya saruji na viwanda vya mbao.

Seremala, au wanafunzi wa shule ya ufundi, wanaweza kujiundia kimbunga kidogo cha karakana yao. Lakini kabla ya kukata bati yafaa wafahamu kimbunga kinaweza nini na hakiwezi nini, maana kutofahamu hilo kunaweza kuwadhuru.

Vumbi lionekanalo na lisiloonekana

Seremala apigapo randa, maranda huanguka miguuni pake papo hapo. Apigapo msasa, au atumiapo msumeno wa umeme, hutokea pia unga mwembamba usioshuka upesi. Chembe ya mbao yenye upana wa mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, huanguka kwa mwendo wa kadiri ya sentimita 18 kwa sekunde katika hewa tulivu. Chembe ya mikroni 10 ni ndogo mara kumi, lakini huanguka polepole mara mia, kwa kuwa mwendo wa kuanguka kwa chembe ndogo hufuata kipeo cha pili cha upana wake. Chembe hiyo huhitaji zaidi ya robo saa kushuka mita 2. Muda wote huo watu waliomo karakanani wanavuta pumzi.

Madhara yake yamethibitishwa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na macho, na kwa baadhi ya mafundi huleta pumu. Mwaka 1968 E. D. Acheson na wenzake walieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza jinsi saratani ya pua ilivyowapata watengenezaji wa samani wa eneo la High Wycombe kupita kawaida. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Kimbunga hufanyaje kazi?

Kitu chochote kilicho katika mwendo hupenda kwenda moja kwa moja. Hewa iingiapo katika mcheduara kwa kuusugua ukuta, hulazimika kupinda. Hewa ni nyepesi, hivyo hupinda kwa urahisi. Chembe ya mbao ni nzito zaidi, hivyo hukawia kupinda, na mwishowe huufikia ukuta. Hapo hupoteza mwendo wake kwa msuguano, huteleza kufuata ukuta wa pia, na huingia pipani. Hewa ikifika karibu na ncha ya pia hugeuka, ikapanda katikati na kutoka kwa bomba la juu.

Nguvu ya jambo hili hupimika. Mchapuko wa kitu kizungukacho ni kipeo cha pili cha mwendo kugawanywa kwa nusu kipenyo. Hewa ikienda mita 15 kwa sekunde katika kimbunga chenye nusu kipenyo cha mita 0.1, mchapuko ni 225 ÷ 0.1, yaani mita 2,250 kwa sekunde kwa sekunde. Hiyo ni kadiri ya mara 230 ya mchapuko wa uvutano wa dunia.

Vipimo na uundaji

Vipimo vya kimbunga vyote hutokana na kipenyo cha mcheduara. Kwa kipenyo cha sentimita 20, vipimo vifuatavyo vinafaa:

Mcheduara: urefu sentimita 40.
Pia: urefu sentimita 40, tundu la chini sentimita 5.
Mdomo wa kuingizia hewa: kimo sentimita 10, upana sentimita 5.
Bomba la kutolea hewa: kipenyo sentimita 10, lishuke ndani sentimita 12.5.

Mcheduara hupatikana kwa kukunja bati bapa lenye urefu wa sentimita 62.8, pamoja na sentimita 1 ya kuunganishia. Pia huhitaji hesabu kidogo. Kama ingeendelea hadi nchani, kimo chake kingekuwa sentimita 53.3, kwa kanuni ya Pythagoras, ubavu wake ungekuwa sentimita 54.3. Basi huchorwa kwenye bati tao mbili zenye kitovu kimoja, moja ya nusu kipenyo cha sentimita 54.3 na nyingine ya sentimita 13.6, kwa pembe ya digrii 66. Kipande kilichomo kati ya tao hizo, kikiongezwa ukingo wa kuunganishia, ndicho kikunjwacho kuwa pia.

Mdomo mmoja wenye vipimo hivyo hupitisha lita 75 za hewa kwa sekunde ukiwa na mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Feni ikiwa dhaifu, kimbunga kipunguzwe. Kwa kipenyo cha sentimita 14 eneo la mdomo hubaki nusu, na lita 37 hutosha. Feni iwekwe baada ya kimbunga, ifyonze kupitia bomba la juu, ili vipande vya mbao visiyapige mapanga yake. Maranda marefu yafagiliwe kwa ufagio, kwa kuwa huziba tundu la chini.

Kosa kubwa kuliko yote ni tundu dogo pipani. Kanieneo ya hewa ndani ya kimbunga ni ndogo kuliko ya nje. Kwa hiyo hewa huvutwa kwenye kila ufa, na ipandapo huliinua tena vumbi lililokwisha kutulia. Viungo vyote vizibwe barabara, na kifuniko cha pipa kiwe na mpira. Pipa liwe gumu, kwa maana debe jembamba huweza kubonyea. Lisiachwe kujaa hadi kwenye pia. Sehemu za chuma ziunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba, kwa sababu vumbi likisuguana na mabomba huzaa umeme tuli. Cheche za kunolea vyuma zisifyonzwe kamwe: vumbi la mbao likichanganyika na hewa huweza kulipuka.

Mpaka wa uwezo wake

Kwa makadirio, hewa ikizunguka mara tano ndani ya kimbunga hiki husafiri mita 3.1 kwa sekunde 0.2. Chembe ya mikroni 10 huhitaji kadiri ya sekunde 0.12 kuvuka upana wa mdomo na kuufikia ukuta, basi hunaswa. Chembe ya mikroni 2 huhitaji sekunde 3. Kabla haijafika, hewa imekwisha kutoka nayo. Na chembe ndogo kama hizo ndizo zipenyazo hadi ndani kabisa ya mapafu.

Kwa hiyo kimbunga hakichukui nafasi ya chujio. Kazi yake ni kulipunguzia chujio mzigo, lisizibe kila saa. Hewa itokayo kwenye feni ipitishwe katika chujio lenye kitambaa kizito, au itolewe nje mbali na watu na madirisha, na fundi apigaye msasa aendelee kuvaa barakoa ya vumbi.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Wapime kilo 1 ya unga wa msumeno, waufyonze, kisha wapime kilichomo pipani. Huenda wakaona kimepungua kidogo sana, wakafurahi. Jioni, jua likiwa chini, wafunge milango na kuacha mwali mmoja upenye tunduni, kisha wautazame kwa ubavu. Vitakavyometameta ndani ya mwali huo ni sehemu ile ndogo isiyoonekana kwenye mizani. Sakafu iliyofagiwa haithibitishi kwamba hewa ni safi. Shahidi wa hewa ni ule mwali.