Beit al-Ajaib na Viwanja vya Pemba: Karafuu, Majengo na Mahali pa Sanaa za Maonyesho

Ikisiri

Majumba ya opera yaliyojengwa katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) huchukuliwa kuwa alama za utamaduni wa miji yake. Pemba haikujengewa jumba la namna hiyo, ingawa karafuu zake zilikuwa nguzo ya uchumi wa dola ya Zanzibar katika kipindi hichohicho. Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya utajiri wa mashamba ya Pemba, majengo ya fahari ya Unguja na viwanja vya wazi ambamo sanaa za Wapemba zimeendelea kuishi. Hoja kuu ni kwamba uhifadhi unaozingatia kuta peke yake huwaacha nje waliozigharimia.

1. Jumba la opera kama alama

Jumba la opera la karne ya 19 lilikuwa zaidi ya ukumbi wa kuimbia. Lilitangaza kwamba mji umefikia daraja fulani ya utajiri na ustaarabu. Mjini Cairo, Khedive Ismail alifungua jumba lake mwaka 1869, mwaka uliofunguliwa Mfereji wa Suez. Mjini Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, Teatro Amazonas lilifunguliwa mwaka 1896 kwa fedha za biashara ya mpira. Mpira huo uligemwa na wafanyakazi wa msituni ambao wengi wao hawakukanyaga sakafu ya ukumbi huo. Kwa hiyo, alama ya utamaduni inaweza kusimama mahali pamoja, na jasho lililoigharimia likawa limetoka mahali pengine. Mgawanyo huo ndio unaosaidia kuielewa Pemba.

2. Karafuu za Pemba na fahari ya Unguja

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa hicho kikawa mzalishaji mkuu wa zao hilo. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, hata baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Hadhi ya utumwa haikuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897.

Katika muktadha huo Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jumba hilo lenye nguzo za chuma na roshani pana lilikusudiwa kwa shughuli za heshima za dola, na ndilo jengo la Zanzibar linalokaribia zaidi dhima ya jumba la opera la zama hizo: lilijengwa ili litazamwe, na watu wakusanyike kuushuhudia utukufu wa mwenyewe. Si rahisi kuihusisha kila nguzo yake na shamba fulani la Pemba. Hata hivyo, ushuru wa forodha na kodi ya karafuu vilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya mapato ya dola, hivyo mchango wa Pemba katika fahari hiyo hauwezi kupuuzwa.

Muziki nao ulifuata njia ya fahari. Masimulizi yaliyoenea yanaeleza kuwa Barghash aliwaleta wanamuziki kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza kupiga ganuni. Taarabu ikaanza kama burudani ya kasri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na baadaye Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, akaiimba kwa Kiswahili na kuifikisha kwa watu wa Ng'ambo. Historia hiyo inaonyesha kwamba sanaa inaweza kutoka katika jumba lililoilea na kupata uhai mpya nje ya kuta zake.

3. Kiwanja kama ukumbi

Pemba, sanaa za maonyesho zina mahali pake, ila mahali penyewe hapajaezekwa. Mfano ulio dhahiri ni mchezo wa ng'ombe, unaojulikana katika vijiji kama Wingwi, Pujini na Kengeja. Fahali hufungwa kamba, mchezaji humkabili na kumkwepa kwa ustadi, nao wanawake huimba huku ngoma na zumari zikilia. Fahali hauawi. Mara nyingi asili ya mchezo huhusishwa na Wareno waliofika pwani hii katika karne ya 16 na 17, lakini asili hiyo haielezi maana ya mchezo kwa Wapemba. Kwao umeambatana na majira ya kilimo: huchezwa zaidi wakati wa kiangazi, wakulima wanapokuwa na nafasi baada ya mavuno, na umewahi kuhusishwa na maombi ya mvua.

Ngoma ya msewe nayo huufanya mwili wa mchezaji kuwa sehemu ya ala, kwani njuga za msewe zinazofungwa miguuni hutoa mlio kila anapopiga hatua. Kirumbizi hukutanisha wachezaji wa fimbo ndani ya duara la watazamaji. Katika sanaa hizi mpaka baina ya fanani na hadhira ni mwembamba: mtazamaji huitikia, hutunza na pengine huingia uwanjani. Jumba la opera hutenganisha jukwaa na viti, na huwapanga watazamaji kwa bei ya tiketi. Kiwanja hufuata mpangilio mwingine, yaani wa umri, jinsia, ujirani na heshima. Kwa sababu hiyo, kukosekana kwa jumba hakupaswi kutafsiriwa kuwa ni kukosekana kwa ukumbi.

4. Suala la uhifadhi

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hadhi hiyo haikuzuia sehemu ya Beit al-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, na kuua watu wawili. Jumba la opera la Cairo nalo liliteketea kwa moto mwaka 1971. Majengo ya fahari yanaweza kuanguka, lakini huacha picha, ramani na nyaraka, na umma huombwa kuchangia ujenzi wake upya.

Kiwanja hakina kinga hiyo. Kikijengwa nyumba au kugeuzwa shamba, hapabaki gofu la kuonyesha kwamba hapo watu walikusanyika kwa vizazi kadhaa. Ngome ya Chake Chake, ambayo sehemu yake iliyosalia ni makumbusho, inaweza kuhifadhi ala na picha, lakini haiwezi kuhifadhi nafasi ya kuzitumia. Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika unatambua kwamba nafasi za kitamaduni zinazoambatana na sanaa ni sehemu ya urithi huo. Kwa Pemba, kanuni hiyo inadai hatua ya kawaida kabisa: viwanja vya ngoma na mchezo wa ng'ombe viorodheshwe kwa majina na mipaka yake kwa kushirikiana na wanavijiji, na vizingatiwe katika mipango ya matumizi ya ardhi.

5. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Pemba ilichangia fahari ya majengo ya karne ya 19 bila kupata jengo la aina hiyo, huku ikiendeleza sanaa zake katika nafasi za wazi. Beit al-Ajaib linastahili kujengwa upya. Hata hivyo, iwapo thamani ya utamaduni itaendelea kupimwa kwa mawe na nguzo, mgawanyo wa zama za karafuu utarudiwa katika uhifadhi: mji utatunziwa majumba yake, na shamba litapoteza viwanja vyake bila kumbukumbu.