Inategemea Umeketi na Nani

Mwaka 2005, watafiti David Schkade, Cass Sunstein na Reid Hastie waliwaita wakazi wa miji miwili ya jimbo la Colorado, Marekani, wajadili siasa. Boulder ni mji wa watu wa mrengo wa kushoto. Colorado Springs ni ngome ya wahafidhina. Kila mji ulikutana kivyake, katika vikundi vya watu sita hivi, na kila mmoja aliandika maoni yake kwa siri kabla na baada ya mazungumzo.

Wa Boulder walitoka wakiwa wameegemea kushoto zaidi, wa Colorado Springs kulia zaidi, na zile tofauti ndogo ndani ya vikundi zikafifia. Si ajabu. Wote wakiwa wa upande mmoja, hoja zinazotajwa nazo ni za upande huo. Mtu anaondoka na sababu mpya za kuamini alichokuja nacho, na mwenye shaka akiona wenzake hawana, hulimeza lake. Waliomo kwenye makundi ya WhatsApp msimu wa uchaguzi hawahitaji Colorado kuwathibitishia.

Basi mazungumzo ni sumu? Hapana. Septemba 2019, James Fishkin na Larry Diamond wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwakutanisha wapigakura 523 karibu na Dallas kwa siku nne. Walikuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kila pembe ya nchi, kisha wakachanganywa: mkulima, mwalimu, Republican, Democrat, meza moja. Walipewa kijitabu chenye hoja za pande zote, na maswali yaliyowashinda waliyapeleka kwa wataalamu wasiokubaliana wao kwa wao. Kila meza ilikuwa na mwezeshaji wa kuwazuia wasemaji sana wasiwameze wenzao.

Warepublican waliotaka wahamiaji wasio na vibali warudishwe kwao kwanza ndipo waombe kuingia kihalali walishuka kutoka karibu asilimia 80 hadi 40. Wademokrat nao walilegea: waliounga mkono serikali kumwekea kila mtoto anayezaliwa akiba maalumu walitoka asilimia 62 hadi 21, baada ya kupiga hesabu za gharama. Kundi la kulinganishia, watu 844 waliojibu maswali yale yale bila kuhudhuria, halikusogea hivyo.

Kwangu mimi, tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni ndogo. Vikundi vya Colorado viliombwa vijaribu kufikia uamuzi wa pamoja. Fishkin hataki kabisa meza ipige kura wala kutafuta mwafaka. Mtu hujaza dodoso lake peke yake, hivyo hakuna anayemridhisha jirani.

Mbinu hiyo ya Fishkin imefika pia Uganda, mwaka 2014, katika wilaya za Bududa na Butaleja, ambako maporomoko ya ardhi na mafuriko huua watu. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, maelezo yaliwekwa kwenye video.

Hata hivyo, lipo linalonikera. Anayeandika kijitabu na kuchagua wataalamu ana nguvu ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la matokeo. Fishkin hujilinda kwa kamati ya washauri wa pande zinazopingana, ambao hukagua kijitabu kabla ya kutumika. Serikali ikiandaa mkutano kama huo yenyewe, kamati hiyo itateuliwa na nani?