Dar es Salaam: Feri, Kigamboni ao Coco Beach, wapi msafiri kutoka Kongo atakula samaki bila kupoteza pesa?

Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Kalemie, Uvira na Bukavu wanaoenda Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo ao kufuata kontena bandarini wanajua namna siku nzima inaweza kupita bila kazi. Karatasi hazijatoka, lori halijapakia. Siku kama hiyo, wengi hutaka kuonja samaki wa bahari. Sehemu tatu za kando ya maji zinajulikana kwa chakula cha bei ya watu wa kawaida, na mtu anaweza kuzizunguka zote kutoka asubuhi mpaka jioni. Lakini hazilingani kwa bei, wala kwa kile kinachowekwa kwenye sahani.

Feri: asubuhi, samaki mbichi mbele ya macho

Soko la samaki la Kivukoni, ambalo wenyeji huliita Feri, liko kwenye mlango wa bandari, karibu na katikati ya mji. Lilijengwa kwa msaada wa Japani. Mashua zinaleta samaki alfajiri na mnada unaanza mapema. Changu, kolekole, nguru, jodari, pweza, ngisi na kamba wanalazwa juu ya meza. Kuna pia kibua, anayefanana na tomson wa barafu anayeuzwa Kongo, lakini huyu hajapita kwenye friji ya meli.

Hapa mnunuzi ndiye mwenye kazi. Anachagua samaki, anamlipa muuzaji, kisha anamlipa kijana wa kuparua magamba na kutoa matumbo, na mwisho anamlipa mkaangaji. Mama lishe wanauza wali na ugali pembeni. Viti ni mabenchi, harufu ni kali na sakafu imelowa. Lakini mlaji anaona kila kitu: jicho la samaki liking'aa, shavu likiwa jekundu na nyama ikirudi baada ya kubonyezwa, samaki huyo ni wa leo.

Watu wa Ziwa Kivu na Tanganyika watatambua jambo moja. Kama vile sambaza na ndakala, dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki vizuri, dagaa wanapungua na bei inaweza kupanda. Anayeweza kuchagua siku achague ile ya giza.

Kigamboni: mchana, kiti na upepo

Kituo cha pantoni kiko jirani na soko. Kivuko kinachukua dakika chache tu, na nauli ya mtu wa miguu ilipandishwa kuwa shilingi 200 mwaka 2012. Ng'ambo, bajaji na daladala zinaelekea fukwe za Mjimwema, penye mchanga mweupe na vibanda vya makuti.

Huko mteja anakaa, anaagiza na anasubiri. Samaki wa kuchoma juu ya makala anaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na mwenye njaa huanza kuagiza vinywaji bila kuhesabu. Fukwe nyingine zinatoza pesa za kuingia. Kwa hiyo sehemu ya bei ni ya kivuli, kiti na upepo. Kwa familia yenye watoto, ama watu wanne wanaogawana samaki mmoja mkubwa, inafaa. Kwa mtu peke yake mwenye pesa kidogo, ni ghali.

Coco Beach: jioni, muhogo kwanza

Coco Beach iko Oysterbay, upande wa kaskazini, na siku ya Yenga inajaa watu. Hapa jina kubwa ni muhogo wa kukaanga wenye kachumbari na pilipili. Mkongomani anayezoea muhogo ndani ya fufu ama majani yake kama sombe, ambayo Dar es Salaam huitwa kisamvu, ataukuta umekatwa vipande na kukauka juu kwa mafuta. Pweza na mishikaki vinapatikana pia. Ni mahali pa kutembea na kuonja. Anayetafuta samaki mzima wa kushiba amechelewa, angepaswa kwenda Feri asubuhi.

Dola zibaki mfukoni

Jambo linalowakamata wageni wengi kutoka Kongo ni pesa. Nyumbani, dola inapita sokoni bila shida. Tanzania, kanuni zilizotangazwa mwezi wa tatu 2025 zinakataza kutaja bei ama kulipa kwa pesa za kigeni ndani ya nchi. Inafaa kubadilisha benki ao kwenye duka halali la kubadilisha pesa kabla ya kwenda ufukweni, na kubeba noti ndogo ndogo za shilingi.

Kanuni ya mwisho ni moja kwa sehemu zote tatu: bei isemwe kabla samaki hajagusa moto. Mteja aulize bei ya samaki, ya kupika na ya ugali, kila moja peke yake. Samaki akiisha kukaangwa, hakuna tena wa kupatana naye.

Kwa mwenye siku moja na pesa za kuhesabu, Feri inashinda kwa samaki. Kigamboni inashinda kwa mapumziko, na Coco Beach kwa jioni ya pamoja na marafiki.