JE, WAJUA? Mwanafunzi aliyekuwa ndani ya somo

Mwaka 1974, vijana wawili walilewa mjini Elmira, Kanada, wakaharibu mali za watu 22 kwa usiku mmoja. Matairi yalitobolewa, vioo vikavunjwa.

Hawakufungwa. Badala yake, walipiga hodi nyumba kwa nyumba, wakakiri ana kwa ana, kisha wakarudi na fidia mkononi. (Afadhali jela, wengine wangesema!)

Leo kesi hiyo hufundishwa vyuoni kama chimbuko la haki rejeshi ya kisasa, ile inayomkutanisha mkosaji na mkosewa.

Karibu miaka 30 baadaye, mmoja wa vijana hao alikuwa chuoni akisomea sheria na ulinzi. Mgeni akaja darasani kusimulia kisa cha Elmira. Mwanafunzi akashtuka: anayesimuliwa ni yeye! Alijitambulisha, na baadaye akajitolea kwenye kazi ya haki rejeshi.