Nambari ya mgonjwa: Ipi inafaa kukufuata maisha yako yote?

Je, umewahi kuhesabu nambari ambazo umepewa hospitalini? Kuna ile iliyo kwenye kadi, ile ya faili ya siku ulipolazwa, ya chupa ya damu kule maabara na ya picha ya eksirei. Mama mjamzito hupewa nyingine kliniki. Zote hizo zinamhusu mtu mmoja, lakini mara nyingi hakuna hata moja inayoweza kumwelekeza daktari kwenye nyingine.

Hili si jambo la makarani pekee. Ikiwa uliwahi kudungwa penisilini ukavimba uso na kukosa pumzi, habari hiyo imo katika faili moja tu. Daktari wa hospitali nyingine atakudunga dawa hiyo hiyo ikiwa huwezi kusema, nayo karatasi iliyo mbele yake haimpeleki kwenye faili ile. Majina nayo hayatoshi. Wadi moja yaweza kuwa na akina Wanjiku watatu, na Mohamed akaandikwa leo Muhamad, kesho Mohammed.

Kwa hivyo inatakiwa nambari moja, itakayoandikwa katika kila karatasi inayokuhusu. Lakini iundwe vipi?

Wengi husema kitambulisho kinatosha. Hapa Kenya kitambulisho cha taifa hutolewa mtu anapofikisha miaka 18, ilhali chanjo huanza mara tu mtoto anapozaliwa. Maisha Namba, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2023, imekusudiwa kuziba pengo hilo. Hata hivyo, kumbuka kwamba nambari inayotumika pia kwingineko nje ya hospitali inaonwa na watu wengi zaidi.

Njia ya pili ni kuunganisha nambari ya kituo na ya mgonjwa. Katika kliniki zetu za wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV, mgonjwa hupewa nambari ya tarakimu 10: tano za kituo, tano zake mwenyewe. Faida yake ni kwamba vituo viwili haviwezi kutoa nambari moja kwa watu wawili. Ubaya ni kwamba anayeijua nambari hiyo hujua ulianzia wapi, na hata unatibiwa nini. Mgonjwa anayehama kimyakimya akajiandikisha upya kwingine hupata nambari mpya. Kule alikotoka ataandikwa kuwa amepotea, na huku mpya ataonekana kama hajawahi kutumia dawa.

Njia ya tatu ni kutumia tarehe ya kuzaliwa. Uswidi ilianza mwaka wa 1947, na nambari ya wagonjwa ya Scotland pia huanza kwa siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Ni rahisi kuikumbuka. Lakini fikiria wazee wetu wengi ambao vitambulisho vyao vinasema walizaliwa Januari 1 kwa sababu hakuna aliyeandika siku yenyewe. Tarehe ikisahihishwa, nambari itabadilika, na faili za zamani zitabaki nyuma.

Mimi naipendelea ya nne: nambari isiyosema lolote juu yako. Uingereza ilianza kutumia nambari ya namna hiyo mwaka wa 1996, badala ya zile za zamani ambazo nyingi zilitokana na vitambulisho vya wakati wa vita, vya 1939. Ina tarakimu 10, na ya mwisho ni mlinzi wa zile tisa. Ya kwanza huzidishwa kwa 10, ya pili kwa 9, hivyo hivyo hadi ya tisa kwa 2. Jumla hugawanywa kwa 11, na kinachobaki hutolewa katika 11. Jibu likiwa 11 huandikwa 0. Likiwa 10, nambari hiyo haitolewi kamwe.

Chukua 943 476 5919. Jumla ni 299. Ukigawanya kwa 11 hubaki 2, na 11 toa 2 ni 9, ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa karani aliyechoka akiandika 934 badala ya 943, jumla huwa 298, hubaki 1, na jibu ni 10. Kompyuta huikataa papo hapo, kabla damu yako haijaandikiwa mtu mwingine.

Lakini tarakimu hiyo haiwezi kujua kama nambari iliyo sahihi imeandikwa kwenye kadi ya jirani yako.

Kwa sasa, usitupe kadi za zamani. Ukipewa mpya, mwombe karani aandike juu yake nambari ya ile ya kwanza. Chupa ya damu ikishabandikwa karatasi, mwombe mhudumu akusomee nambari, nawe uifuatilie kwenye kadi yako tarakimu moja moja kabla ya kuondoka dirishani.