Kola ikichakaa, shati halijafa

Katika shati la kazini, kola ndiyo hufa kwanza. Jasho la shingo, ndevu zilizonyolewa jana na sabuni ya kila wiki huila taratibu, hata siku moja mwenye shati akajiona kwenye kioo na kukuta mstari wa nyuzi zilizosimama kama manyoya. Baada ya kola hufuata vikofi vya mikono, kisha makalio ya suruali, kwa sababu mfanyakazi wa ofisini hushinda kitini na yule wa kiwandani hushinda akiinama. Sehemu nyingine zote za vazi hubaki nzima. Hata hivyo wengi wetu hulitupa vazi zima kwa ajili ya inchi mbili zilizochakaa, kisha tukaulizana mshahara umekwenda wapi.

Suala hili si la urembo. Mfanyakazi wa mjini akipokea mshahara, nao una wenyewe: mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, unga na mafuta ya taa au gesi, nauli, na kila Januari sare na madaftari ya watoto. Shati jipya husubiri mwisho wa foleni. Lakini ofisi nayo haisubiri. Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi, na hata pasipo waraka macho ya watu yapo. Mtu aliyevaa shati lililofifia aghalabu huketi safu ya nyuma mkutanoni, hutia mikono mfukoni ili vikofi visionekane, na swali alilokuwa nalo hurudi nalo nyumbani. Hasara hiyo haionekani katika daftari lolote la matumizi, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko bei ya shati.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, toa nguo zote za kazini uzitandaze kitandani mchana kweupe. Inua kila moja mbele ya dirisha. Pale ambapo mwanga wa jua unapenya kama kwenye chandarua, kitambaa kimekwisha na uzi wa fundi hautashika. Ambapo mwanga haupenyi, bado pana uhai.

Sasa turudi kwenye kola. Kola ina pande mbili, na upande wa chini haujapata kuonja jua wala ndevu. Fundi cherehani hufumua mshono unaoiunganisha na ukanda wa shingo, akaigeuza, akairudisha pale pale. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na shati hupata maisha ya pili. Wazee wetu waliofanya kazi za ukarani walijua jambo hili vizuri. Ni sisi tuliolisahau. Lakini tazama kwanza upande wa chini: kola zenye vitundu vya kufungia vifungo kwenye ncha, au zenye vijifuko vya kutilia vijiti vya kukaza, hazigeuziki bila aibu.

Pale ambapo pande zote mbili zimekwisha, mikono mirefu ndiyo akiba. Ikatwe iwe mifupi, ambayo katika joto la Dar es Salaam haina hasara yoyote, na kitambaa kilichobaki kishonwe kola mpya. Kwa kuwa kimefuliwa na kufifia pamoja na shati lenyewe, rangi zitalingana. Kitambaa kipya cha dukani hakiwezi kufanya hivyo hata kiwe cha bei gani.

Suruali za tetroni zina ugonjwa wao, nao ni kung'aa makalioni. Baadhi ya mng'ao huo huletwa na kiti, lakini mwingi huletwa na pasi yetu wenyewe, iliyopigwa kwa moto mkali juu ya kitambaa kikavu. Geuza suruali nje ndani, au weka kitambaa chenye unyevu katikati. Na kama ni pasi ya mkaa, ipulizie majivu uani, mbali na shati jeupe.

Kuna wanaokimbilia kutia rangi nguo nyeusi zilizofifia. Ni shauri zuri kwa pamba. Kwa poliesta ni kupoteza fedha, maana rangi za kawaida za sokoni haziingii humo. Chomoa uzi mmoja katika pindo uuchome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Jua pia kwamba hata katika nguo ya pamba, uzi wa kushonea mara nyingi ni wa poliesta, nao utabaki na rangi yake ya zamani.

Haiwezekani kuzungumzia nguo za bei nafuu bila mitumba. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 watakumbuka foleni za khanga, na namna mambo yalivyobadilika baada ya mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda. Rwanda ilishikilia, wengine wakalegea. Mtu anaweza kusikitika, nami nasikitika nikikumbuka vitenge vya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968. Lakini masikitiko hayamvishi mtu Jumatatu asubuhi.

Ukienda Karume, basi, nenda na akili. Katika koti tazama mabega kwanza, kwa kuwa kiuno na urefu fundi atarekebisha, lakini bega lisilokukaa litakugharimu kuliko koti lenyewe. Nusa kwapa. Vuta zipu mara tatu. Nguo za ndani ziache; Shirika la Viwango limekwisha kuzipiga marufuku.

Nina neno kwa akina baba. Katika nyumba nyingi koti la baba hupelekwa kwa fundi, na mama, ambaye naye huamkia kazini, huambiwa ajifunge khanga avumilie. Mwanamke akirudia gauni moja mara mbili kwa wiki, ofisi nzima huona. Mwanamume akirudia suruali, hakuna anayehesabu. Kwa hiyo fedha kidogo iliyopo ianzie kwake. Sketi mbili za rangi tulivu na blauzi tatu hutoa mavazi sita, ambapo magauni matano hutoa matano tu. Suruali ya baba iliyokwisha makalio bado ina miguu mizima, na miguu hiyo ni kaptura ya mtoto.

Viatu vipelekwe mapema, kisigino kinapoanza kulala upande mmoja. Ukingoja hadi soli itoboke, fundi atakudai soli nzima.

Mwisho ni majira. Mafundi hulemewa kabla ya Idd na Krismasi, na Januari hushona sare usiku na mchana. Kola yako itakaa chini ya rundo. Peleka Februari, katikati ya mwezi, wakati cherehani zimetulia na bei inazungumzika.