JOTO LA DAR NA KICHANGA CHAKO: MVUE SWETA, MAMA!

Kama unaishi Dar huhitaji kuambiwa na mtu wa hali ya hewa kwamba kuanzia Desemba hadi Machi jiji linageuka tanuri. Mchana nyuzi 32, weka juu yake unyevunyevu wa bahari, shati linagandia mgongoni kabla hujafika kituoni. Sasa simama kituo chochote cha daladala uangalie wachanga. Utamkuta mama kavaa blauzi nyepesi, anajipepea na gazeti (pengine hili hili letu), na mtoto wake yumo ndani ya blanketi, kofia ya sufu, soksi, na kitenge kimefunika hadi uso. Muulize. Jibu ni moja: "Asije akapigwa na baridi, dada."

Baridi gani jamani, mwezi wa pili Gongo la Mboto?

Mimi na binti yangu wa miezi minne tunaishi chumba na sebule Temeke, chini ya bati lisilo na dari. Saa nane mchana ukilala humo unaamka umeiva. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ninayaishi.

Kwanza tuelewane. Mwili wa kichanga bado haujawa hodari wa kujirekebisha joto. Hatoi jasho sawasawa kama mimi na wewe, hawezi kujivua nguo wala kuomba feni. Anachoweza ni kulia tu, na sisi tukisikia kilio tunamwongezea blanketi. Kimbembe!

Halafu wengi wetu tunapima pasipo. Tunashika viganja na nyayo, tunakuta ni vya ubaridi, tunakimbilia soksi. Viganja na nyayo za kichanga mara nyingi huwa vya ubaridi hata akiwa mzima kabisa. Tia vidole nyuma ya shingo yake au kifuani. Pakiwa pa moto na pana jasho, nguo zimezidi. Kwa Dar ya mwezi wa pili, fulana moja ya pamba na nepi zinatosha, na mchana ndani ya nyumba hata nepi peke yake. Ila mtoto aliyezaliwa njiti, au mwenye siku chache tu duniani, huyo habari yake ni tofauti. Yeye anahitaji joto la kifua cha mama, na mfuate nesi anavyokwambia.

Vita yangu kubwa ilikuwa na mama mkwe, Mungu amzidishie umri. Yeye ni mtu wa Lushoto, kule milimani ambako mwezi wa saba unaota moto jikoni na bado unatetemeka. Alishuka na sweta tatu alizofuma kwa mkono wake mwenyewe. Nzuri kweli! Mkwe huwezi kumwambia "hapana" hivi hivi. Nilimpa shikamoo, nikamshukuru, nikamkabidhi mjukuu ampakate pale sebuleni saa saba mchana. Baada ya robo saa nikamsikia mwenyewe: "Mwanangu, hebu mvue huyu mtoto." Sikuongeza neno.

Tulipokuja kugongana zaidi ni kwenye maji. Mama alitaka mtoto apewe vijiko viwili vitatu vya maji "akate kiu". Hapo nilikaza, kwa adabu. Mtoto chini ya miezi sita hahitaji maji hata jua liwe kali vipi. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, tena safi kuliko ya dumu letu. Ukimpa maji, tumbo dogo linajaa kitu kisicho na chakula, na ukipata maji yenye vijidudu umenunua kuharisha. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji unywe wewe. Hesabu nepi pia: zikilowa sita au zaidi kwa siku, anapata vya kutosha. Zikipungua na mkojo ukawa wa njano iliyokolea, mwahi daktari.

Usiku ndipo kasheshe. Feni iwashe, ila ielekeze ukutani au ipitishe upepo juu yake, isimpige usoni. Umeme ukikata, fungua dirisha na umpepee. Neti USITOE! Najua inazuia upepo kidogo, lakini mbu wa Dar hawana huruma. Jioni mwogeshe maji ya uvuguvugu, maji ya barafu yatamshtua tu. Akitoka harara shingoni na kwapani, mweke pakavu na penye hewa, itaondoka. Mafuta mazito yanaziba vinyweleo, na ile poda ya kumwaga mpaka mtoto anafanana na mandazi yenye unga anaivuta kifuani. Achana nayo.

Ninyi wenye magari, dakika 10 tu juani zinaweza kupandisha joto la ndani ya gari kwa nyuzi kama 10. "Naingia dukani mara moja" haipo, hata vioo uviteremshe kidogo.

Kuna jambo moja linanifanya niandike kwa ukali. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa na mtoto wa wiki sita. Siku nzima mtoto wa moto, amelegea, ziwa analikataa. Ua mzima ukasema ni joto la bati. Mimi nilimwambia tumvue, tumkalishe mwembeni nusu saa, tuone. Tukamvua, tukampepea, bado anaunguza. Kipimajoto changu kwapani kikasoma 38.4. Hatukungoja asubuhi, bajaji mpaka hospitali. Walikuta maambukizi kwenye damu, akalazwa akichomwa sindano. Joto la hewa likitulia mtoto naye hutulia. Homa haitulii kwa kuvuliwa fulana. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 37.5, au akigoma kunyonya, akilegea, akipumua haraka haraka au akishtukashtuka, usimuulize jirani, nenda.

Yule mtoto sasa anatambaa, anakula udongo wa uani. Kipimajoto changu hakijarudi chumbani kwangu tangu siku ile. Kinazunguka vyumba vyote sita.